Hesabu ya Shamba la Saba

Jumamosi, 11 Januari 2025. Mpanda

Semina imeisha saa nane mchana. Tulikuwa walimu kumi na wanne wa biolojia, kuanzia Mishamo mpaka kule kwetu Mamba. Dkt. Angela wa chuo kikuu ametufundisha habari ya sayansi ya wananchi. Maana yake si ngumu: watu wa kawaida wanaangalia kitu kimoja, kwa utaratibu mmoja, wanaandika, na wataalamu wanakusanya namba zao. Kwetu kitu chenyewe ni kiwavijeshi vamizi, yule anayejificha ndani ya moyo wa mhindi na kuutafuna. Wanafunzi watakagua mashamba kumi na mawili kila Jumamosi. Ukifika shambani unasimama sehemu tano, na kila sehemu unakagua mimea kumi. Jumla hamsini. Mmea wenye majani yaliyotobolewa na kinyesi kibichi kama unga wa mbao, huo unahesabiwa.

Tumeombwa tuandike tunachoona, kizuri na kibaya, kwa sababu mwezi wa tatu watataka maoni yetu sisi walimu: je, njia hii inafaa darasani au la? Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Shule tatu zitakazoleta takwimu zilizokamilika zitapewa hadubini. Ya kwetu imeota ukungu kwenye lenzi. Nimepiga mstari chini ya neno "zilizokamilika".

Jumatatu, 13 Januari

Basi lilikwama topeni baada ya Sitalike, abiria tukashuka kusukuma. Niliingia Mamba jana jioni nikiwa tope mpaka magotini. Leo shule imefunguliwa.

Kwenye kikao cha asubuhi nimewaeleza wenzangu. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Gideon, ameshika neno hadubini tu. Mwalimu Apolinari ameshika mengine yote. Huyu anafundisha hisabati na ndiye mwalimu wa taaluma. Ni Mpimbwe, mzaliwa wa hapa, na amekaa shuleni hapa muda mrefu kuliko mwembe wa uwanjani.

"Kila Jumamosi?" akauliza.

"Kila Jumamosi, kwa saa mbili tu."

"Kiwavijeshi yuko kwenye mtihani, Madam Lidia?"

"Wadudu wapo."

"Sijauliza wadudu. Nimeuliza kiwavijeshi." Akafunga kalamu yake. "Matokeo ya biolojia ya mwaka jana sote tunayajua. Halafu tunawapeleka watoto kuokota viwavi."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyenitetea pia.

Alhamisi, 16 Januari

Wamejiandikisha wanafunzi ishirini na wanne wa Kidato cha Tatu, wawili kwa kila shamba. Mashamba nimeyachagua yawe kwenye njia zao za kwenda nyumbani, na wenye mashamba nimewapigia simu mmoja mmoja. Shamba la saba ni la Mama Generosa, mjane, kando ya mto. Alisema, "Walete tu hao watoto, mwalimu."

Hilo nimewapa Ndaki na Nyanzala Masalu. Nyanzala ni wa kwanza kwa biolojia tangu Kidato cha Kwanza. Kwao ni wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, wanakaa ng'ambo ya mto. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Jumamosi, 18 Januari

Mazoezi kwenye shamba la shule. Nimewaonyesha alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi. Nyanzala alimweka kwenye kiganja, akamsogeza karibu na macho.

"Madam, ana uso kabisa!"

Watoto ambao darasani sijawahi kuwasikia sauti waliniuliza maswali mpaka jua likawa kali. Anakula usiku au mchana? Nondo wake anaruka umbali gani? Kwa nini anapenda mhindi mchanga? Maswali mawili sikuyajua, nikawaambia siyajui. Nimefundisha miaka tisa. Sikumbuki Jumamosi kama hii.

Jumatano, 22 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nusu ya darasa hawakufika.

Jumatatu, 27 Januari

Ukaguzi wa kwanza ulifanyika juzi. Fomu zimerudi kumi na moja. Ya shamba la saba haipo. Ndaki amehamia Mpanda kwa shangazi yake, kwa hiyo Nyanzala amebaki peke yake. Anaomba abadilishiwe shamba.

"Kwa nini?"

"Ni mbali, Madam."

Si mbali, analipita kila siku akirudi kwao. Nimemwambia aende leo baada ya vipindi. Kisha nimeliambia darasa zima: sitaki fomu yenye nafasi wazi na sitaki visingizio. Tukianza kulegea wiki ya kwanza hatufiki popote.

Jumanne, 28 Januari

Nyanzala ameleta. Mitatu kati ya hamsini. Shamba safi. Nimetuma zote kumi na mbili.

Jumatatu, 3 Februari

Zimetimia kumi na mbili. Shamba la saba mbili, la nane nne, la tisa kumi na sita. Nimechora jedwali kubwa kwenye karatasi ya manila na kulibandika ukutani ofisini. Mwalimu wa Kiswahili kaniuliza kama ni matokeo ya uchaguzi.

Ijumaa, 7 Februari

Romana, bibi shamba wa kata yetu, amepita shuleni na pikipiki yake. Alisimama mbele ya jedwali muda mrefu, kofia bado iko kichwani.

"Hawa watoto wamefika mashamba yote haya?"

"Yote."

"Mimi peke yangu ingenichukua mwezi. Dawa niliyonayo inatosha mashamba manne, matano nikibana. Basi Jumatatu mkinipa na za kesho, nitajua pa kuanzia. Upande wa mto naona mko salama."

Nilijisikia fahari. Mwalimu Apolinari alikuwa anasahihisha madaftari yake palepale, hakuinua kichwa.

Jumatatu, 10 Februari

Romana amechukua namba za wiki ya tatu. Anaanza na la pili, la nne, la tisa na la kumi na moja. Yote yapo upande wa barabara ya Majimoto.

Jumatano, 12 Februari

Nimekuta Mwalimu Apolinari amesimama mbele ya jedwali, rula mkononi.

"Madam Lidia, hili la saba linanisumbua."

"Lina nini?"

"Tatu, mbili, tatu. Mengine yote yanapanda na kushuka, hili limetulia. Jirani yake, la nane, limetoka nne mpaka kumi na mbili kwa wiki moja. Nondo anaruka. Hajui mpaka wa shamba."

"Mkaguzi wa hilo ndiye mwanafunzi wangu bora, Mwalimu."

"Sijamtaja mtu. Nimetaja namba."

Nikamwambia kwamba tangu siku ya kwanza alitaka mradi huu ufe. Alinitazama, akachukua boksi lake la chaki, akaenda darasani. Nadhani ni wivu. Hakuna mtoto aliyewahi kuomba abaki Jumamosi kwa ajili ya hesabu.

Jumatatu, 17 Februari

Ukaguzi wa nne. Shamba la saba: mbili.

Jumanne, 18 Februari

Leo nitaandika kirefu.

Wakati wa mapumziko Mama Generosa ameingia ofisini bila kubisha hodi. Ameshika mhindi mzima, umeng'olewa na mizizi yake, udongo unadondoka sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa viwavi?"

Akauweka mhindi juu ya meza, juu ya madaftari. Majani yake yalikuwa matundu matupu. Kiwavi mnene akatoka kwenye moyo wa mmea na kutambaa juu ya daftari la mtu.

"Romana amepita kwangu hivi, hakusimama. Nikamfuata mpaka kwake. Ananiambia shamba langu halina shida, karatasi ya shule imesema. Ni karatasi ipi hiyo? Nataka kuiona."

Nilimwonyesha ukutani. Nikasema wanafunzi wangu wamekagua mara nne.

"Mwanafunzi yupi? Hakuna mtoto aliyekanyaga shambani kwangu. Alikuja mmoja siku ya kwanza, binti wa wale wenye ng'ombe wa ng'ambo. Nikamrudisha. Ng'ombe zao mwaka jana waliingia kwenye mahindi yangu, wakalala humohumo mpaka asubuhi. Kesi bado iko kwa mtendaji. Halafu leo nimfungulie mlango aje kuhesabu kilichobaki?"

Mwalimu Apolinari akainuka, akamshika mama mkono. Sikujua mpaka leo kwamba Mama Generosa ni shemeji yake. Marehemu mumewe alikuwa kaka yake Apolinari.

"Shemeji, kaa kwanza unywe maji."

"Sina kiu. Nina njaa ya mwezi wa nane inakuja."

Baada ya vipindi nimekwenda mwenyewe. Apolinari alikuja nyuma yangu. Mama alichelewa kupanda kwa sababu jembe la ng'ombe la kukodi lilichelewa kumfikia, kwa hiyo mahindi yake yamefika kiunoni tu, laini, ndiyo chakula anachokipenda kiwavi. Nimesimama sehemu tano, kila sehemu mimea kumi. Nimehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini.

Thelathini na moja kati ya hamsini.

Apolinari alikuwa na haki ya kusema neno moja tu: "Nilikwambia." Hakulisema.

Jumatano, 19 Februari

Nimemwita Nyanzala maabara, peke yetu, mlango wazi. Nilipomwonyesha fomu zake nne alijua.

"Ulihesabia wapi?"

"Sikuhesabu, Madam."

"Namba ulizitoa wapi?"

"Nilifikiria shamba zuri lingekuwaje."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anajibu swali la darasani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ni mbali."

"Uliniambia ni mbali. Hukuniambia umefukuzwa."

"Ningesema nimefukuzwa, darasa lote lingeuliza kwa nini. Wangesema ng'ombe. Wakisema ng'ombe, Madam, mimi si Nyanzala tena, mimi ni wale." Akazisogeza fomu kwangu. "Na ulisema hutaki fomu yenye nafasi wazi."

Nimemwambia kuna mama ambaye dawa imempita kwa sababu ya namba zile. Hilo alikuwa halijui. Alidhani fomu zinakwenda chuoni tu, kwenye kompyuta za watu asiowajua. Hapo ndipo alipolia.

Nimerudi kwenye daftari hili nikasoma tarehe 27 Januari. Mtoto anayepita shamba kila siku ananiambia ni mbali, mimi mwenyewe naandika kwamba si mbali, halafu siulizi mara ya pili. Nilitaka kumi na mbili zitimie.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemweleza mkuu wa shule. Swali lake la kwanza: "Nani mwingine anajua?"

"Ofisi yote. Mama Generosa alikuja mchana kweupe."

"Namaanisha huko chuoni."

"Bado."

Mwalimu Gideon si mtu mbaya. Ana paa linalovuja kwenye vyumba viwili na maabara isiyo na kitu. Alifikiri kwa sauti: kuanzia wiki hii tuandike namba za kweli za shamba la saba. Viwavi huongezeka, nani atashangaa? Na binti arudishwe nyumbani wiki mbili, aje na mzazi.

Mwalimu Apolinari alikuwa mlangoni na ratiba ya majaribio mkononi.

"Mkuu, mwaka wangu wa pili kazini tuliambiwa wakaguzi wanakuja. Nilijaza daftari la mahudhurio la miezi miwili kwa asubuhi moja. Wino wa aina moja, mwandiko wa aina moja. Mimi sikurudishwa nyumbani."

"Hayo mambo ya zamani, Mwalimu."

"Huyu mtoto amejifunzia wapi kwamba karatasi ikijaa mkubwa anafurahi? Kwetu. Adhabu apate, mimi sipingi. Lakini afanye kazi, asikae kwao kuchunga."

"Na hadubini?"

"Kiwavi tumeshindwa kumwona kwa macho, na yeye ni mkubwa kama kidole."

Mkuu alitazama dirishani. Kisha akaniambia, "Piga hiyo simu."

Nimepiga. Dkt. Angela alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alinishukuru kwa kumwambia. Halafu akasema kwa upole kwamba sasa hana njia ya kujua mashamba mengine kumi na moja yakoje, kwa hiyo ataziondoa kwenye utafiti takwimu zetu zote za msimu huu.

"Zote? Wale wengine walihesabu kweli."

"Naamini, mwalimu. Lakini kuamini hakutoshi kwenye kazi hii."

Fomu arobaini na nne za watoto waliolowa mvua.

Ijumaa, 21 Februari

Romana amekuja. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali apige. Dawa imekwisha na hajui nyingine itafika lini. Amesema kilichobaki ni kuokota kwa mkono na kutia majivu kwenye moyo wa kila mhindi, mara mbili kwa wiki. Wakiwepo watu wa kutosha, sehemu ya shamba itapona.

Nimeliambia darasa. Nimeanza na langu: kwamba niliwakataza visingizio mpaka nikawakataza na sababu. Nyanzala aliomba kusimama, akasema lake mwenyewe. Kijana mmoja nyuma akaanza, "Ndiyo hao wa ng'..." na Lusia wa shamba la nne akamwambia anyamaze, kwani kijana huyo mwenyewe juzi alitaka kuhesabu akiwa juu ya baiskeli.

Jumamosi, 22 Februari

Mwalimu Apolinari alitangulia na Nyanzala, mimi na darasa tukafuata na ndoo na mifuko ya majivu. Tulipofika walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa shamba, Mama Generosa ndani, wao nje.

"Shemeji," Apolinari alisema, "nimekuja na mtoto. Ana neno."

Nyanzala akapiga magoti kwenye tope, kama wanavyosalimia kwao.

"Shikamoo, mama."

Mama akaitikia: "Marahaba."

"Niliandika uongo juu ya shamba lako. Nilisema ni zima na sikuliona. Wamekula kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

"Baba yako ndiye Masalu?"

"Ndiyo, mama."

"Amekutuma?"

"Hapana. Nimemwambia jana. Amesema nije mwenyewe kwanza, kisha na yeye atakuja."

Mama Generosa alitazama ng'ambo ya mto, akatazama mahindi yake.

"Siku ile ulipokuja, ulikuja kuhesabu kweli?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa na fomu mkononi."

"Mimi niliona ng'ombe." Akajifunga kanga upya kiunoni. "Inuka kwenye tope. Sijasema yamekwisha. Mistari ya mtoni ndiyo imeliwa zaidi, anzeni huko."

Tumeokota mpaka saa saba. Makopo matatu ya viwavi, kuku wa mama wamekula mpaka wakachoka. Nyanzala alifanya mistari mingi kuliko mtu yeyote, na mama alimfuata nyuma akikagua kila mmea. Sikuona mama akikuta mmea ulioachwa.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa, mimi na Mwalimu Apolinari tumezunguka mashamba kumi na moja yaliyobaki na kuyahesabu upya. Yeye ndiye aliyetaka. Alibeba kwenye mfuko wa plastiki fomu ambazo watoto walijaza jana jioni wakirudi makwao na kumletea kanisani, hakuniruhusu kuziona kabla ya kuhesabu. "Ukiziona macho yako yatazifuata," alisema.

Tulipomaliza alikaa juu ya jiwe akalinganisha. Mashamba tisa yamepishana na sisi kwa mmea mmoja au miwili. La tano na la kumi yamepishana kwa minne.

"Watoto wako wanahesabu vizuri," akasema.

Nilimwomba radhi kwa maneno ya tarehe 12. Alisema na yeye alikosea, aliona namba mbovu akaiacha wiki nzima kwa sababu mtu alimjibu vibaya. Shamba lenyewe la kaka yake.

Jumatano, 26 Februari

Kuokota tena. Mvua ilitukuta katikati, tukaendelea.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tumetoka kanisani tukaenda moja kwa moja shambani, majivu kwenye paji la uso na majivu kwenye ndoo. Masalu alikuja na wanawe wakubwa wawili, wakaanza kuweka uzio wa miiba upande wa mto. Mama Generosa hakuwakaribisha. Saa sita aliwapelekea uji.

Jumapili, 9 Machi

Mashamba yaliyopigwa dawa yameanza kutoa mbelewele. Kwa Mama Generosa yanajikongoja, lakini majani mapya yanatoka mazima.

Jumamosi, 15 Machi. Mpanda

Siku ya maoni ya walimu. Tulikaa kwa duara, Dkt. Angela na kinasa sauti katikati. Nimeandika waliyosema kadiri nilivyoweza.

Mwalimu wa Mishamo, Libérate, alisema mashamba yake yapo mbali sana, watoto wanakwenda kwa baiskeli na wazazi wanamuuliza hii ni shule au kibarua. Lakini kuna baba amekuja kumuuliza jinsi ya kumtambua kiwavi, na aliyemtuma ni mwanawe. Mwingine alisema ana wanafunzi themanini na wanane darasani, kwa hiyo hawezi kuwafuatilia, na asiyewafuatilia asijidanganye. Mwingine alisema muhtasari hauna nafasi. Mwingine akasema nafasi ipo, tunaogopa tu kutoka nje ya chumba.

Zamu yangu ilipofika nikasimulia yote. Fomu, kufukuzwa, dawa, mhindi juu ya meza. Nilidhani nitapata aibu, na nimeipata. Kisha Mwalimu Maiko wa upande wa Mwamkulu akakohoa.

"Mimi fomu mbili nilijaza mwenyewe," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa, watoto hawakwenda. Nilichukua za wiki iliyopita nikaongeza kidogo."

Mkono mwingine ukapanda. Halafu mwingine.

Dkt. Angela alizima kinasa sauti. Akasema kosa la kwanza ni lake, yeye ndiye aliyefunga hadubini na neno "zilizokamilika". Shindano limefutwa. Fomu ya msimu ujao itakuwa na sehemu ya kuandika "sikufika, sababu ni hii," na sehemu hiyo itahesabiwa sawa na nyingine.

Dodoso la mwisho lilikuwa na swali: Je, ungewashauri walimu wengine kutumia sayansi ya wananchi kufundishia biolojia? Ndiyo, Hapana. Nimeweka tiki kwenye Ndiyo, na pembeni nimeandika: mwalimu atembee njia yote ya mtoto kwanza, mpaka shambani, aone nani anamfungulia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaambia darasa ukweli. Takwimu zetu hazimo tena, hadubini haipo, na msimu huu hakuna anayesubiri namba zetu.

"Kwa hiyo Jumamosi hatuhesabu?" Lusia akauliza.

"Hakuna anayezipokea."

"Sijauliza hilo, Madam."

Nikasema atakayetaka aje. Atakayetaka kulala alale.

Jumamosi, 12 Aprili

Hii ni Jumamosi ya nne, na bado wamekuja kumi na tisa. Mwalimu Apolinari alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ngazi na rula yake. Wengine wameshika njia zao, mimi nimekwenda na Nyanzala shamba la saba.

Mahindi ya mama sasa yamebeba, yale yaliyopona. Tumebadilisha hesabu: kati ya mimea hamsini, mingapi ina hindi zima. Mama Generosa alitembea na Nyanzala bega kwa bega, sehemu ya kwanza mpaka ya tano, akitaja kwa sauti. Huu umebeba. Huu haukubeba. Huu umebeba. Nyanzala akaandika. Mimi nilibaki nyuma.

Kwenye mmea wa mwisho mama akasema, "Umebeba. Ishirini na saba."

Nyanzala hakuandika. Aliinama, akaangalia ncha ya hindi.

"Haujabeba, mama. Umetobolewa hapa."

"Hilo ni hindi zuri, mwanangu. Liangalie lilivyonona."

"Naliangalia."

Wakatazamana. Shamba lake, jasho lake, na anayembishia ni binti wa Masalu. Mama alishika hindi, akafunua ganda kwa kidole gumba. Kiwavi alikuwa ndani, amekula punje mpaka katikati.

Mama akamtoa, akamtupa chini, akamkanyaga.

"Ishirini na sita," akasema. "Andika."